Duru ya Jumamosi

Kaye, daftari la Uledi wa Ramazani, fundi cherehani, Rumonge, masika ya 1972

Jumapili, 12 Machi

Mvua tangu adhuhuri. Paa la duka linavuja juu ya cherehani, nimeisogeza mara mbili.

Bwana Cirhuza alituita mimi na Mwalimu Salvator kwenye ukumbi wake wa pombe. Anataka mashindano ya snuka, makubwa kuliko yale tuliyozoea, yenye wachezaji wanaolipwa, na mshindi aondoke na baiskeli mpya. Meza yake ni ya pekee ya aina hiyo ufukweni kote. Aliinunua Kigoma kwa Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao, akaivusha ziwa vipande vipande mwaka uleule tuliopata uhuru. Kabla ya hapo tulijua biliyari ya Wabelgiji tu, ile isiyo na mashimo.

Niko kwenye komite kwa sababu najua kuandika, na kwa sababu kitambaa cha meza kikichanika ni mimi ninayekishona pasionekane. Salvator yuko kwa sababu hashindwi ila akiwa na homa. Anafundisha shule ya Gatete, huja kwa baiskeli.

Wachezaji watakuwa ishirini. Kilichobaki ni namna ya kuwapanga. Nilidhani ni jambo la robo saa.

Jumapili, 19 Machi

Tumekaa toka kina Mwalimu walipotoka misa mpaka alasiri, na hatukukubaliana.

Cirhuza anataka siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Wachezaji wakubwa wanne wasicheze siku ya kwanza: Salvator, vijana wawili wa Buyenzi kule Bujumbura, na Mmanyema mmoja wa Kigoma. Wale kumi na sita wachezane Jumamosi kutwa, mara mbili, wabaki wanne. Jumapili wanne hao wakutane na wakubwa.

"Watu watakuja toka Bujumbura," alisema. "Watakula hapa, watalala hapa. Hawawezi kuja kuangalia wakubwa banapigana na mutu ambaye hajui kushika fimbo."

Salvator alisubiri amalize. Ndiyo tabia yake, husubiri kama anayesikiliza somo la mtoto.

"Majina ishirini kwenye kofia moja," akasema. "Mama mmoja achote mbele ya watu. Kila Jumapili mchana, michezo miwili. Mutu anakuja, anacheza, anarudi kwake kulala. Tutamaliza mwezi wa saba, mvua imekwisha."

"Ishirini haiteremuki muzuri, Mwalimu. Ishirini, kumi, tano. Ule wa tano atacheza na nani, na ukuta?"

"Wa tano atapumuzika kwa kura. Bahati iko ya kila mutu. Weye unataka kuwagawia watu bahati kabla ya kura haijapigwa."

Wakanitazama mimi. Tuko watatu, kwa hiyo nitakayemfuata ndiye atashinda. Nikaomba muda. Ukweli ni kwamba Salvator ananichosha. Mtu anayewashinda wote na bado anataka haki sawa, naona ni maringo ya namna nyingine.

Jumapili, 26 Machi

Mvua. Hatukukutana.

Jumanne, 4 Aprili

Cirhuza amepita dukani peke yake. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika vitambaa kimoja kimoja kama mwanamke.

"Wachezaji wa kweli wanavaa kizibao," akasema. "Kule kwa Waingereza ndivyo walivyokuwa. Ishirini, nyeusi, na mugongo wa hariri. Lakini kama tunacheza Jumapili mbili mbili mpaka mwezi wa saba, kizibao ya nini? Mutu atacheza na shati yake ya shambani."

Akanywa chai, akaondoka. Hakuahidi kitu. Usiku sikulala vizuri, nilikuwa nakata vizibao kichwani.

Jumapili, 9 Aprili

Nimesema niko na Cirhuza. Nilitoa sababu nzuri: njia ni mbovu, wa mbali hawawezi kuja Jumapili baada ya Jumapili, watu hupenda jambo linaloanza na kwisha. Zote za kweli.

Salvator alitikisa kichwa. "Murakoze, fundi," akanishukuru. "Angalau tumejua."

Nyumbani nilimweleza Mwasiti, mke wangu. Alikuwa anachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwa, hakuinua macho.

"Umepigia kura kitambaa, Baba Esha."

Jumamosi, 15 Aprili

Komini, ofisi ya serikali hapa, wanataka orodha kabla ya kutoa ruhusa: jina la kila mchezaji, la baba yake, kazi, kolini, yaani mlima, anakotoka, na siku atakayocheza. Nimeiandika kwa mwandiko wangu bora, siku kwa wino mwekundu. Karani alisema hajaona orodha safi namna ile toka Wabelgiji waondoke. Nilitembea barabarani kama niliyevishwa kilemba.

Jioni ikafika barua ya Salvator toka Gatete. Hataki nafasi yake kati ya wakubwa. Kama iko duru ya Jumamosi, atacheza Jumamosi. Nafasi yake apewe Radjabu, mchuuzi wa ndagala wa Kabonga, ambaye kwa haki ndiye wa tano. Cirhuza alisoma akacheka, akasema mwalimu ana kiburi cha padri. Jumatatu nitapeleka orodha nyingine, jina la Salvator chini ya Jumamosi, la Radjabu chini ya Jumapili.

Jumamosi, 22 Aprili

Mvua. Vizibao kumi na nne tayari. Vidole vimevimba.

Jumatano, 26 Aprili

Maulidi. Tulisoma msikitini, kukawa na pilau. Jirani yangu alininong'oneza kwamba kuna watu wageni huko mapalma, kwenye michikichi, wanakaa makundi na hawanunui kitu sokoni. Nikamwambia ni wavunaji wa mawese. Kila mwaka wako.

Ijumaa, 28 Aprili

Vizibao ishirini. Kesho.

Jumanne, 2 Mei

Sijui naandika kwa ajili ya nani. Mwasiti anasema niache. Mkono hauachi.

Jumamosi tulianza saa tatu asubuhi. Kumi na sita, wote na vizibao vyangu. Watu walijaa mpaka madirishani. Michezo ilikwenda vizuri, sitasema uongo, ilikuwa siku nzuri kuliko zote ambazo ukumbi ule umeona. Saa kumi na moja, katika duru ya pili, Salvator alikutana na Ferdinand, agronomi, mtaalamu wa kilimo katika shamba la mawese, kijana wa Bururi mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Walifika mpaka mpira mweusi wa mwisho. Salvator akaukosa kwa unywele. Ferdinand akautia. Nilitegemea Mwalimu akunje uso, lakini alimkumbatia yule kijana akamwinua toka chini, watu wakapiga vigelegele.

Kwa hiyo Ferdinand alikuwa mshindi, na mshindi ilibidi alale mjini acheze Jumapili. Salvator aliyeshindwa angerudi Gatete, lakini mvua ilikuwa imeshuka, akasema atangoja ipungue.

Baada ya magharibi Ferdinand alivuka barabara kwenda kutazama chumba alichopewa. Mimi nilikuwa naandika matokeo. Ndipo tukasikia sauti upande wa soko, kama watu wanaofukuza mbwa. Kisha ngoma. Kisha mwanamke mmoja, mara moja tu.

Cirhuza alifunga mlango mkubwa. Huyu mtu ambaye nimemwona akikataa kumwongezea mtu kipande cha barafu, aliwapitisha wanawake wanne kwa mlango wa uani akawaficha nyuma ya mapipa ya mawese, wake za watumishi wa komini, na akaweka meza ya jikoni mbele ya mapipa. 

Mlango ukagongwa. Ferdinand aliita jina la Cirhuza, kisha langu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilikuwa na kalamu mkononi na nilibaki nimeishika. Salvator alinipita, akafungua, akatoka. Nilisikia akisema kwa Kirundi, kwa sauti ileile ya darasani, "Huyu ni mutu wangu, mwacheni." Walikuwa wanamjua, au walimwona ni wa kwao. Walimwacha apite naye. Lakini walikuwa wamekwisha kumpiga Ferdinand panga shingoni.

Alifia sakafuni, kichwa juu ya mapaja ya Salvator. Haikuchukua muda. Kizibao changu kilikuwa kimelowa chote, na shati la Mwalimu pia.

Waliokuja usiku ule walikuwa wakiwatafuta Watutsi. Nimeliandika hilo mara moja.

Tulikaa ndani siku mbili. Jana Salvator alitoka alfajiri akapita njia ya ziwani kwenda kwake. Mlangoni nilimwambia, "Kama nisingesema Jumamosi, Mwalimu, Ferdinand angekuwa shambani kwake."

"Wamefika shambani pia," alinijibu. "Usijipe ukubwa usio wako."

Nilidhani alinifariji. Sasa ninapoyaandika maneno yake naona hakusema kwamba wale wa shambani wote wamekufa.

Jumamosi, 6 Mei

Askari wamefika na malori. Mji uko mikononi mwao. Amri ya kutotoka baada ya saa kumi na mbili. Mvua.

Jumanne, 9 Mei

Sasa wanatafutwa Wahutu. Hilo nalo nimeliandika mara moja, na sitaliandika tena. Wanaanza na waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wakubwa, mwenye duka aliyejenga kwa bati. Na Waswahili wanaangaliwa vibaya, wanasema baadhi ya wale wa mapanga walitoka Kongo, na sisi wote baba zetu walitoka ng'ambo. Mwasiti ameficha picha ya marehemu baba aliyopigwa Uvira, Kongo.

Alhamisi, 11 Mei

Nimeitwa ofisini komini, mimi na Cirhuza.

Afisa alikuwa kijana, mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Mezani kwake kulikuwa na orodha zangu zote mbili. Niliutambua wino wangu toka mlangoni.

Alianza na Cirhuza.

"Hii mashindano ilikuwa yako. Kwa nini siku ile ile?"

"Niliuliza mvua, haikunijibu," alisema Cirhuza. "Mimi niko muuza pombe, shefu. Sijui kusoma. Hizo karatasi sizijui."

Nilimjua Cirhuza miaka kumi na sijawahi kumwona bila gazeti. Nilimdharau pale pale, nasema kweli. Nikaona hofu inavyomfanya mtu mzima ajidhalilishe.

Kisha zamu yangu. Mimi niliamua kueleza. Niliona mambo yote yalikuwa wazi, yalihitaji mtu wa kuyapanga tu. Nikamweleza duru ya kwanza na ya pili, kumi na sita na wanne, kwa nini kila mmoja alipangiwa siku yake. Alisikiliza vizuri. Aliuliza maswali ya akili. Nitasema tena: nilifurahi kusikilizwa.

Akaweka orodha mbili ubavu kwa ubavu.

"Huyu Salvator wa Gatete. Kwenye ya kwanza iko Jumapili. Kwenye ya pili iko Jumamosi. Nani alimuhamisha?"

"Alijihamisha mwenyewe," nikasema.

Aliandika. Niliona kalamu yake inavyokwenda, nikajua nimesema kitu, sikujua nini. Nikaharakisha. Nikasema ni mtu wa haki, hakutaka upendeleo. Nikasema yeye ndiye aliyefungua mlango na kumwingiza Ferdinand, kwamba wale watu walimsikiliza, kwamba Ferdinand alikufa mikononi mwake, kwamba shati lake lote lilikuwa damu.

"Walimusikiliza," akasema afisa.

"Ndiyo, shefu. Aliwaambia wamwache."

"Na shati ilikuwa na damu."

Cirhuza alikuwa anatazama sakafu. Alisogeza mguu wake mpaka kiatu chake kikagusa changu, akakikanyaga kwa nguvu. Nilikuwa nimekwisha kusema yote.

Ijumaa, 12 Mei

Leo saa mbili asubuhi Salvator amepita mbele ya duka na baiskeli. Amevaa koti la misa. Alisimama, mguu mmoja chini.

"Amahoro, fundi. Wameniita. Wanasema ni kusaini karatasi ya ushahidi juu ya Ferdinand."

"Amahoro, Mwalimu," nikasema.

Akaniuliza kama mvua itarudi kabla ya mchana, kwa sababu Domitille, mke wake, ameanika mihogo. Nikatazama mlimani nikasema naona itarudi. Akasema basi atafanya haraka. Mbele ya duka langu hakukuwa na askari hata mmoja. Njia ya ziwani iko hatua hamsini, na mitumbwi ilikuwa pale. Nilikuwa na muda wote wa kusema neno moja. Nilimtazama akipanda baiskeli, nikamtazama mpaka akakata kona ya komini.

Watu wengine kumi na watatu waliitwa siku hiyohiyo. Mchana likatoka lori limefunikwa turubai.

Mvua ilirudi.

Jumamosi, 13 Mei

Baiskeli yake imeegemea ukuta wa komini.

Jumapili, 14 Mei

Bado iko.

Jumatano, 17 Mei

Mtu nisiyemjua anaiendesha.

Domitille amekuja na mtoto wao Donata mgongoni. Ametembea toka Gatete kwa miguu. Mwasiti alimpa maji, akamvua mtoto nguo zilizolowa. Domitille alikaa pale pale alipokaa Cirhuza siku ya vizibao.

"Baba Esha, weye unajua kusoma mambo ya ofisi. Wanasema amepelekwa Bururi kuandikishwa. Iko kweli?"

"Inawezekana," nikasema. "Ushahidi ni jambo refu."

"Wiki moja?"

"Wakati mwingine zaidi."

Akashukuru. Alinishukuru kwa mikono miwili, na kichwa akainamisha. Mwasiti alikuwa amesimama mlangoni na nguo za mtoto, ananitazama.  Usiku aliwatandikia wageni kitanda chetu, mimi akanipa mkeka wa dukani.

Alhamisi, 18 Mei

Mvua.

Jumapili, 21 Mei

Nilikwenda kwa Cirhuza. Ukumbi umefungwa, meza imefunikwa shuka. Nilimkuta jikoni anachoma karatasi moja moja kwenye sigiri: madaftari, barua, hata barua ya Salvator.

Nilimwambia alichofanya ofisini kilikuwa aibu. Nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye.

Alimaliza kwanza karatasi aliyokuwa nayo.

"Uledi," akasema, "mimi mwaka wa sitini na ine nilikwenda kwetu Kongo, nikatoka na nguo hii moja. Niliona hapo watu walivyokufa. Mutu akikuuliza kwa karatasi, anataka karatasi imujibu. Ukisema ndiyo, inaandika. Ukisema hapana, inaandika. Ukisema mimi ni mujinga, hakuna kitu ya kuandika." Akafuta mikono. "Nilikukanyaga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ningekuvunja mguu."

Kisha akanionyesha nyuma ya mapipa. Wale wanawake wa Jumamosi walikwisha kwenda kwao. Sasa kulikuwa na mikeka mingine, na watoto wawili wa mhasibu wa misheni, wamelala mchana kutwa kwa sababu wameambiwa walale. Miaka kumi nilimwita bahili.

Alhamisi, 25 Mei

Hakuna mvua. Hakuna mvua tangu Jumatatu. Malori sasa yanatimua vumbi, na vumbi linaingia kwenye vitambaa. Hakuna anayeshonesha.

Katika wale ishirini, ninaowajua kuwa hai ni saba. Sita tuliwazika baada ya Jumamosi ile, Ferdinand akiwa mmoja wao. Watano walichukuliwa wiki hizi. Vijana wawili wa Buyenzi hakuna anayesema lolote. Nilijaribu kuhesabu nani angekuwa wapi kama tungefuata kofia ya Salvator. Baadhi wangekuwa makwao na wangekufa makwao. Baadhi wasingekufa. Nikaona nafanya tena kazi ileile, napanga watu. Nikaacha.

Jumanne, 30 Mei

Domitille ameuliza tena. Nimejibu tena.

Jumamosi, 3 Juni

Wameanza kuchukua wake wa waliochukuliwa, wanasema wanapeleka habari ng'ambo. Cirhuza amekuja mwenyewe kutuambia. Amepata karatasi ya kupita, ya msiba, kwa mtu mmoja na familia yake, mpaka Kabonga. Huko Radjabu yuko, alivuka usiku ule wa Aprili akarudi, na mtumbwi wake unakwenda upande wa Kigoma kuchukua chumvi.

"Kwa jina la nani?" niliuliza.

"Lako. Weye ndiye mwenye ndugu Kabonga."

Sina ndugu Kabonga. Nikasema sawa.

Mwasiti amekaa na Domitille siku nzima. Amemfundisha kufunga kanga ya kichwa, kuitikia salamu, kusema Alhamdulillahi bila kusita. Mtoto tumemzoesha jina jingine. Domitille amejifunza kama mwanafunzi mzuri. Mara moja tu alisimama katikati ya neno akauliza, "Na Salvator akirudi Gatete akakuta nyumba wazi?" Mwasiti akanitazama. Nikatoka nje.

Jumatano, 7 Juni

Naandika nikiwa Kabonga, uani kwa Radjabu. Kesho narudi.

Tulipanda lori la samaki asubuhi. Vizuizi vitatu. Kwenye kila kimoja nilisema, "Huyu ni dada yangu, tunakwenda msibani," na kila mara Domitille aliinamisha macho kama mfiwa. Askari wa kizuizi cha mwisho alimpa pole. Akajibu, "Alhamdulillahi," bila kusita.

Tulipofika tulikaa kwenye mchanga chini ya nyavu zilizoanikwa, tukingoja Radjabu apakie. Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana mpaka mistari yake. Domitille alikuwa anamlisha mtoto muhogo. Nilijua kama sikusema hapo sitasema, na atakaa Kigoma anangoja, atauliza kila anayevuka, miaka.

"Mama Donata," nikasema, "Mwalimu hatarudi."

Akaendelea kumega muhogo.

"Najua," akasema. "Nilijua siku niliyoona mutu mwingine juu ya baiskeli yake. Nilikuwa nakuuliza ili nione kama utaniambia."

Basi nikamwambia yote. Kura na vizibao, orodha mbili, afisa, neno nililosema, shati la damu. Nikamwambia na ya asubuhi ile, kwamba alisimama mbele yangu mguu mmoja chini, kwamba njia ilikuwa wazi. Sikulia. Niliona sina haki ya kulia mbele yake.

 Mtoto akamaliza muhogo akataka mwingine, akampa.

"Alikuuliza nini, asubuhi ile?"

"Kama mvua itarudi. Kwa ajili ya mihogo yako."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Aliuficha kwa kanga ya Mwasiti, mabega yakatikisika, bila sauti, kwa sababu watu walikuwa karibu na sisi tulikuwa watu wa msiba wa uongo. Alipoifunua uso ulikuwa umekauka.

"Ukipata habari amelazwa wapi," alisema, "usiniandikie. Tuma mutu aje aniambie kwa mudomo."

"Nitatuma."

"Usiandike kitu chochote juu yake."

Nami usiku huu naandika. Sikumwambia kuhusu kaye hii. Nitaifanya nini sijui.

Radjabu akaita. Alimbeba mtoto mwenyewe kupitia majini, akarudi akamshika Domitille mkono. Kabla ya kuingia majini Radjabu alinigeukia. Yeye anajua alivyopata nafasi ya Jumapili, na nani alimwachia.

"Nitawafikisha," alisema. "Hata kama ni kuwabeba mugongoni."

Domitille alikaa katikati ya mtumbwi, mgongo kwangu, uso Kigoma. Nikainua mkono. Wakasukuma. Nilibaki nimeinua mkono mpaka mtumbwi ukawa mdogo kama jani.

Mama yake Radjabu, bibi Kadidja, alikuwa amesimama kando yangu na kikapu cha ndagala. Hajui chochote, mwanawe amemwambia tu ni wageni.

"Ni nani wako, yule?" akaniuliza.

"Dada yangu."

Akatazama ziwa, akanitazama mimi.

"Mbona hakukuaga?"